Pimamaji na Mlango wa Babu

"Shangazi, mbona wewe hukupiga makofi?"

Nilimuuliza swali hilo nikiwa darasa la nne, kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba yetu, siku ambayo sisi wengine tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Baba alipiga. Mama alipiga mwiko kwenye sufuria. Jirani, ambaye hata hakujua tunashangilia nini, alipiga yake kutoka ng'ambo ya ukuta. Shangazi peke yake alisimama kimya, mikono ameitanguliza mbele, kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo.

"Mikono ina saruji," alinijibu.

Haikuwa na saruji. Nilimmiminia maji mimi mwenyewe, akaisugua kwa sabuni mpaka viwikoni. Lakini Babu alikuwa amekaa pale pale, na Shangazi alinitupia lile jicho lake la funga mdomo. Nikaufunga.

Shangazi ni dada yake Baba, mkubwa kwake, na kazi yake ni sakafu. Mafundi wenzake humwita Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa chake, ile rula nene yenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani. Kiputo kikitulia katikati, ujue mahali pamelala sawa. Watu wengine hawatoki nyumbani bila simu, yeye hatoki bila pimamaji. Mama husimulia kwamba siku ya harusi yake aliiona ikichungulia kwenye mkoba wa wifi yake, na kabla keki haijakatwa ilikuwa imeshapimwa.

"Na ilikuwa imeinama," Shangazi husema kila hadithi hiyo inapofika hapo.

"Imeinama wapi? Macho yako ndiyo yameinama."

"Wifi, kiputo hakina undugu na mtu."

Kazi aliianza kwa kubeba mchanga. Walimwambia mwanamke atafaa kuchota maji, basi akachota, huku akiangalia wanavyofanya. Siku moja fundi wa kumalizia sakafu hakutokea na zege limeshamwagwa, na zege halimsubiri mtu. Shangazi akapiga magoti, akaanza kulisawazisha. Alipomaliza, msimamizi alikuja akainama, akatafuta kosa, akalikosa, akasema, "Kesho usichote maji." Hakupewa sifa nyingine zaidi ya hiyo, na mpaka leo akiisimulia utadhani alivishwa nishani.

Katika kazi zote alipenda zaidi viraka. Nilishangaa, maana nani anapenda viraka? Lakini yeye alisema sakafu mpya yeyote mwenye subira ataimwaga. Kiraka ndicho kinachomjua fundi. "Kiraka kizuri," alisema, "ni kile ambacho mwenye nyumba akikitafuta anaomba miwani." Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililotuponza.

Babu, baba yao, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliendesha mpaka mvi zikamjaa kichwani. Halafu ukaja ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaotetemesha mikono na kukwamisha miguu. Anatembea vizuri tu, mara miguu inaganda chini kana kwamba imepigwa misumari, na kiwiliwili kinataka kuendelea. Yeye aliuita breki. "Subirini, breki zimekamata," alisema, na sisi tukasubiri mpaka zikaachia.

Kila asubuhi alivuka sebule, akapita mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwenye kiti chake kibarazani. Nyuma ya ukuta wetu kuna barabara ya malori. Babu hakuyaona, aliyasikia. Alifumba macho akasema, "Hilo limezidisha mzigo," au, "Huyo kijana gia ya pili inamlilia, na yeye anasikiliza muziki." Mimi aliniita utingo wake. Nilikaa chini karibu na kiti nikijaribu kusikia anachosikia, nikaambulia kelele tu. Mama alisema asubuhi hizo ndizo zilizokuwa dawa yake, vile vidonge ni nyongeza.

Mlango ule wa nyuma ulikuwa wa mbao, wenye mabawa mawili, umeliwa na mchwa kwa chini, na mvua zikinyesha ulivimba mpaka uusukume kwa bega. Chini yake palikuwa na kizingiti cha kwenda juu kama tofali. Baba alikichukia kizingiti kile. "Siku moja mzee atajikwaa hapa," alisema. Kwa hiyo mlango ulipooza kabisa aliamua tuweke wa kioo, wa kuteleza, wenye fremu ya alumini, na kizingiti king'olewe kabisa ili Babu apite pasipo na kikwazo. Wote tuliona ni wazo zuri. Mimi nililiona zuri kuliko wote, kwa sababu ya kioo.

Fundi wa alumini alikuja, akang'oa, akafunga, akasukuma mlango kwa kidole kimoja kutuonyesha unavyokwenda. Kisha akafungasha vifaa vyake. Mama akaangalia chini.

"Na hili shimo?"

Kizingiti cha zamani kilikuwa kimezama ndani ya sakafu. Kilipotoka kiliacha mfereji kuanzia ukuta mpaka ukuta, upana wake kiganja, umejaa kokoto na vumbi la mchwa, pamoja na kifuniko cha kalamu ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Fremu mpya ilikuwa ya pembeni na juu tu, mlango unaning'inia kwenye reli ya juu, kwa hiyo chini hapakuwa na cha kuuziba.

"Mama, mimi ni wa alumini," fundi akasema. "Sakafu siyo yangu."

"Tunaye wa sakafu," Mama akajibu kwa maringo. "Ukimsikia akija, ukimbie."

Shangazi alikuwa na kazi mbali, kwa hiyo tulifunika mfereji kwa ubao mpaka arudi. Babu aliupita ule ubao kila asubuhi akinung'unika kwamba serikali ya nyumba hii inajenga madaraja ya muda. Aliinua mguu, akauruka, akaenda kwenye kiti chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu cha ajabu hapo.

Shangazi aliporudi hakunywa hata chai. Alichokonoa mfereji mpaka ukabaki msafi kama bakuli, akafagia kwa brashi, akaulowesha. Alitandika karatasi ya nailoni ili unyevu wa ardhini usipande, akashindilia zege la kokoto ndogo, akaacha nafasi nyembamba kando ya fremu. Nilimuuliza kwa nini.

"Alumini inanenepa juani. Ukiibana itakusukuma."

"Chuma kinanenepa?"

"Hata wewe ukila vizuri."

Ugumu ulikuwa kwenye rangi. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu ya zamani, iliyopakwa nta miaka na miaka mpaka ikapata rangi ambayo haina jina. Saruji mbichi, Shangazi aliniambia, ni mwongo: leo inakuonyesha rangi hii, ikikauka inakuonyesha nyingine. Kwa hiyo alikoroga vijibonge vidogo vidogo, akavipanga juu ya kigae, akavianika, akavilinganisha na sakafu, akavitupa, akakoroga vingine. Mama alimwambia wengine wanapika chakula kwa muda mfupi kuliko huo. Mwishowe akapata alichokitaka. Akamwaga, akasawazisha, akasugua, akafunika kwa gunia bichi, na ilipokomaa akaipaka nta.

Baba alirudi kazini, akasimama mlangoni, akaangalia chini kwa muda mrefu. "Ule mfereji ulikuwa wapi?"

Shangazi akatabasamu. "Tafuta miwani."

Hapakuwa na alama wala mstari. Kutoka katikati ya sebule mpaka kibarazani palikuwa na wekundu mmoja umelala kama maji ya mtungini. Tukamwita Babu aje azindue.

Alikuja, mkono mmoja kwenye bega langu. Akaniachia, akasonga mbele peke yake, akafika mlangoni, akaganda. Visigino vilitetemeka palepale chini, na kifua kikaendelea na safari. Baba aliruka akamdaka nusu; nusu nyingine, goti, ikagonga sakafu.

Goti lilivimba, halikuvunjika. Kilichovunjika kilikuwa kingine. Babu alikaa sakafuni, tukimzunguka, akasema bila kumwangalia yeyote, "Nimevuka mipaka yote ile na mzigo mgongoni. Leo nimeshindwa kutoka sebuleni kwangu."

Alijaribu tena kesho yake, Baba na Mama wakimshika. Alipofika pale pale, miguu ikakataa. Akaomba kiti chake kiingizwe chumbani. "Gari limefika gereji," alisema. Chumba chake kinatazama upande mwingine wa nyumba. Malori hayasikiki huko. Nilipokwenda kukaa naye alifumba macho kama zamani, lakini hakutaja lori lolote.

Shangazi hakulala kwake siku zile. Alivua viatu akaitembelea ile sakafu kwa nyayo tupu, macho amefumba, akitafuta hata kivimbe cha kumkwaza mdudu. Aliilaza pimamaji hivi, akaigeuza vile. Kiputo kikakaa katikati kila mara, kimetulia, utadhani kinamcheka.

"Wifi, acha sasa," Mama akamwambia. "Sakafu haina kosa."

"Kama haina kosa, baba yangu ameangushwa na nini?"

Akachukua uzi wake wa kupimia, akaufunga kwenye msumari kila upande wa mlango, ukapita mbele ya uwazi kimo cha kifundo cha mguu. Alikuwa amelala kifudifudi akiuchungulia, shavu chini, pale Babu alipopita akitoka bafuni, anashika ukuta. Alichukia sana kumwona mtu akitaabika kwa ajili yake.

"Unatafuta nini hapo chini?"

"Natafuta kilichokuangusha."

"Kilichoniangusha kiko humu," Babu akajigusa paji la uso. "Inuka. Mtu mzima unalala chini kama mjusi."

"Baba, usije huku, ngoja nitoe uzi utajikwaa!"

"Uzi nauona! Nimekuwa kipofu sasa?"

Na kwa hasira tu, ili kutuonyesha kwamba anauona, alitembea mpaka kwenye uzi, akainua mguu, akauvuka. Akainua wa pili. Huyo nje.

Alisimama kibarazani na nguo zake za kulalia, ameduwaa kuliko sisi.

Shangazi akautoa uzi. "Rudi ndani, baba." Baba alikwenda kumshika, na ikawa kazi: miguu iligandia mlangoni ikakataa katakata. Shangazi akaufunga uzi tena. Babu akauangalia, akainua mguu, akaingia.

Babu mwenyewe akasema taratibu, kama fundi anayesikiliza injini, "Miguu inataka kitu cha kuvuka. Ukiipa barabara tupu inasahau kwamba iko safarini."

"Kwa hiyo kile kizingiti..." Baba akaanza.

"Ndicho kilichokuwa kinamvusha," Mama akamalizia. "Na ule ubao pia."

Shangazi alikaa chini, juu ya kazi yake nzuri kuliko zote. "Baba, nimekufungia mlango."

"Umeufunga kwa ufundi lakini," Babu akasema. "Hata mwizi asingeuona."

Alicheka peke yake. Baada ya kicheko akaketi, akaonekana amechoka sana, goti limemvimba upya. Baba alisema tuuache uzi. Shangazi akakataa, uzi humwangusha mtu siku asipouangalia, na ubao huteleza. Alitaka kitu ambacho jicho litakiona na mguu usikiguse. Mama akashauri tuchore kwanza kwa chaki, Babu ajaribu.

"Mimi siyo gari la majaribio," Babu akasema. "Tengenezeni mnachotengeneza, nitapita mara moja. Nikianguka tena, msije mkaniomba. Mtaniacha chumbani kwangu."

Hakuwa anatania. Alisema kwa upole, na ndiyo maana tuliogopa.

"Hutaanguka," Shangazi akamjibu. "Sina shaka hata chembe."

Siku ile ile alichukua patasi na nyundo, akaanza kuivunja. Nilisimama nikiangalia ule wekundu aliouhangaikia ukiruka vipande vipande.

"Wifi, roho haikuumi?" Mama akauliza.

"Inaniuma. Sogea, unanizuia mwanga."

Aliomba ndara ya Babu. Akailaza sakafuni, akafikiri, akaisogeza, akafikiri tena, akatia alama. Mistari ilikuwa mitatu: mmoja ndani ya sebule, mmoja pale palipokuwa na mfereji, mmoja nje kibarazani, kila mmoja mbali na mwenzake kwa hatua ya Babu ya siku nzuri. Alikata vigae vyeupe pe, vilivyobaki kwenye bafu la mtu, vipande vya upana wa vidole, akavizika sawa na sakafu. Alipitisha kidole juu yake huku amefumba macho mpaka akaridhika kwamba hakuna ukingo wa kukamata ndara. Juu ya ile sakafu nyekundu vilipiga kelele, kama meno mapya kwenye mdomo wa mzee.

Fundi mwenzake mmoja alikuja kuazima beseni, akaiona ile mistari. "Pimamaji! Ndiyo nini hii? Umeanza kuchora pundamilia?"

"Beseni liko pale," Shangazi akasema, akaendelea kupangusa.

Ikabidi tusubiri ikomae. Babu alijifanya hajali. Lakini kila nilipompelekea chai aliniuliza kwa sauti ya chini, "Utingo, barabara imefunguliwa?" Nikamjibu, "Bado, Babu, ina gunia." Naye akasema, "Hawa wakandarasi," akanywa chai yake.

Siku ilipofika Shangazi aliondoa gunia, akatoka nje. Nilimmiminia maji, akanawa. Kwa ndani Babu alikuja sebuleni akishikwa na Baba, akasimama, akaiangalia mistari.

"Kivuko cha waenda kwa miguu," alisema. "Mimi, dereva." Akainua uso. "Mwanangu, una hakika na kazi yako?"

"Nimeshakwambia sina shaka," Shangazi akaitikia kutoka nje, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Wewe njoo tu. Mimi nanawa mikono."

Babu akamwachia Baba. Akaenda. Alipofika kwenye mstari wa kwanza akasimama, visigino vikaanza kutetemeka, na Mama akashika mwiko kwa mikono miwili. Nilimwona Babu akiinamisha macho. Aliuangalia ule weupe kwa muda, midomo ikicheza kama anazungumza nao. Kisha mguu wa kulia ukanyanyuka. Ukavuka. Wa kushoto ukaufuata. Mstari wa pili, pale pale alipoanguka, hakusimama hata kidogo. Wa tatu, ndara yake ikatua nje, juani.

Hapo ndipo tulipolipuka. Babu akajikokota mpaka kwenye kiti chake, akaketi, akafumba macho. Lori likapita nyuma ya ukuta.

"Huyo," akasema, "breki zake ni mbaya kuliko zangu."

Na hapo ndipo nilipouliza lile swali, nikaambiwa mikono ina saruji.

Tulipompeleka kliniki tena, mama wa mazoezi ya viungo alipiga paja akacheka kwa furaha. Alisema jambo hilo linajulikana kwao, hata wao huwachorea wagonjwa mistari, tungewauliza wangetuambia mapema. Baba alimgeukia Shangazi, Shangazi akatazama dari.

Babu aliivuka mistari ile asubuhi kwa asubuhi kwa miaka. Hata siku ambazo korido ilimshinda na mlango wa bafu ukamshinda, mlango wa nyuma haukumshinda. Shangazi naye alibadilika kidogo. Bado anapenda kiraka kisichoonekana, lakini siku hizi kabla ya kukoroga chochote anamwuliza mwenye nyumba, "Nani anapita hapa?" Watu wengine wanamshangaa. Wanafikiri anapeleleza.

Miezi ya mwisho Babu hakutoka kitandani. Alituacha usingizini, mwaka niliomaliza shule ya msingi.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo hii Shangazi alikuwa ananisuka, na anayesukwa na mikono iliyozoea patasi anajua ninachozungumzia. Nilikuwa nimekaa kati ya magoti yake, kichwa kimevutwa hata nyusi zimepanda, na kwa sababu nisingeweza kumwona usoni nikapata ujasiri.

"Shangazi, siku ile Babu alipovuka. Mikono yako haikuwa na saruji."

Vidole vikasimama. "Bado unalo hilo?"

"Ninalo."

Akachukua kitana, akachana fungu jipya la nywele, akaanza kulisokota polepole.

"Pale nisingeweza kukujibu, angesikia. Nilimwambia sina shaka, na shaka nilikuwa nayo tele, mwanangu. Uzi una kimo, kigae hakina. Nilijuaje kama miguu yake itakikubali? Kwa hiyo nilisimama pale karibu, nimeitanguliza mikono, ili akianguka aniangukie mimi. Nyinyi mlianza kushangilia hata kwenye kiti hajafika. Sasa na mimi ningepiga makofi, ningemdaka na nini?"